Gari Lisilotaka Kwenda kwa Wakwe

Wale mliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita msihangaike kuuliza majirani. Nitawafikisha pale tulipoachia kwa hatua chache, kisha tuendelee na masaibu ya Musila kama alivyonisimulia mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa.

Musila ni mweka stoo katika ghala moja la vigae huko Athi River. Anaishi Kitengela, nyumba ya kupanga, pamoja na Kavutha na binti yao Nzula mwenye miaka minane. Wamekaa hivyo miaka tisa, ile ndoa ya njoo-tukae, bila yeye kuwapelekea wakwe wale mbuzi watatu ambao Wakamba wanawaita ntheo. Bila hao mbuzi, mbele ya wazee mke ni mgeni aliyekawia tu, na mtoto ni wa kwao mama.

Mara tatu Musila alijaribu kuwapeleka Mashuuru, kwa baba mkwe wake Mbaluka. Mara tatu gari lake liligoma hapo hapo langoni. Desemba liligoma. Pasaka likagoma. Juni likagoma. Jioni yake, wageni wakishaondoka, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Mtauliza kwa nini hakukodi gari lingine. Hamumjui Mzee Katee, ndugu ya marehemu baba yake. Mzee huyo ana sheria yake: safari ya ntheo ikikwama langoni, mbuzi hawahamishiwi gari lingine. Mnarudi ndani, mnakunywa chai, mnapanga siku nyingine. Hakuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuisikia sheria hiyo, lakini Mzee Katee ndiye mkubwa aliyebaki, na nani angembishia?

Na safari hii hakukuwa na siku nyingine. Jumamosi iliyofuata wazee wangekaa kule Mwala kuandika majina ya wajukuu watakaogawiwa shamba la marehemu. Mjukuu ambaye mama yake hajatolewa mbuzi haandikwi. Musila ana mtoto mmoja.

Tulimwacha hapo basi. Jaribio la nne, Jumamosi saa mbili asubuhi, mbuzi watatu ndani ya buti, shangazi Mukonyo na leso yake mpya kwenye kiti cha nyuma. Ufunguo umezungushwa na gari liko kimya.

Musila alimpigia simu Githongo, fundi wa waya za magari anayekaa ploti ya pili. Huyu Githongo si fundi tu, ni rafiki. Walihamia Kitengela mwaka mmoja, na Nzula alipougua nimonia ni Githongo aliyewakimbiza hospitali. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata.

Kavutha alitoka jikoni akijipangusa mikono. "Wacha tu turudi ndani, Baba Nzula," alisema. "Si Mzee alisema mbuzi haziwezi hamishwa?"

Alilisema kwa upole, kama alivyolisema Desemba, na Pasaka, na Juni. Musila hakuliwazia. Aliingia ndani, akavua koti la suti, akatoka na bisibisi, koleo, na taa ya kupimia aliyojitengenezea juma lile. Ilikuwa balbu ndogo ya indiketa na waya mbili, basi. Alikuwa amekesha juma zima akitazama mafundi wa kwenye simu wakieleza umeme wa gari.

Shangazi Mukonyo alimwuliza kama kazi ya vigae ina mambo ya umeme. Musila alimwambia hapana, ina mambo ya kutafuta vitu vilivyopotea.

Hilo lilikuwa kweli. Mtu wa stoo hakubali kitu kimepotea hivi hivi mpaka ajue mkono wa mwisho uliokishika ulikuwa wa nani. Umeme nao, alijiambia, ni kama boksi la vigae. Umetoka hapa, ulitakiwa kupokelewa pale, na kama haukufika, katikati kuna mtu.

Alihitaji mtu wa kuzungusha ufunguo. Akamwomba Mzee Katee.

Mzee alikaa kiti cha dereva na suti yake yote na kofia, mgongo umenyooka. Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alikamata ufunguo kwa vidole viwili kama anaogopa utamuuma.

Kwanza betri. Mzee aliwasha taa za mbele, zikawaka kali. Alipozungusha ufunguo hazikufifia hata kidogo. Musila alitikisa kichwa. Betri ilikuwa nzima, na stata haikuwa ikivuta chochote.

Pili stata yenyewe. Alihakikisha kwamba gia iko huru, akalala kifudifudi juu ya injini, akachukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye betri na wa pili kwenye ile pini ndogo inayopokea amri ya ufunguo. Stata ikanguruma mara moja. Mbuzi wakapiga kelele na Mzee Katee akaachia ufunguo.

Musila alisimama hapo na waya mkononi. Stata hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza Githongo aliitoa Pasaka, akisema imekufa.

Alianza kuhisi vibaya, lakini aliendelea. Alitazama fyuzi, zilikuwa nzima. Akaweka taa yake kwenye ile pini ndogo na kumwambia Mzee apige stata. Taa haikuwaka. Akaenda chini ya usukani, akaweka taa kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, akamwambia Mzee apige tena. Taa ikawaka.

Kwa hiyo umeme ulikuwa unatoka kwa ufunguo na haufiki kwa stata. Uliishia njiani, mahali pasipozidi urefu wa mikono miwili.

"Umepata?" Mzee Katee aliuliza.

"Bado kidogo, Baba."

Alifungua kifuniko cha chini ya dashibodi, akaingiza mkono, akaufuata ule waya kwa kidole kama mtu anayesoma mstari mmoja mmoja. Ulikuwa wa zamani, mgumu kidogo, umefunikwa na vumbi. Kisha kidole kikagusa kitu laini. Tepu. Tepu mpya nyeusi, imezungushwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi.

Waya wa gari ulikuwa umekatwa. Kwenye kila ncha pameungwa waya wa kijani, na hizo waya mbili za kijani zikateremka pamoja, zikaingia chini ya kapeti.

Musila aliifunua kapeti. Zilipita chini ya kiti cha abiria wa mbele, zikapanda ubavuni, zikaishia kwenye kiswichi kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilifichwa pale ambapo mkono wa mtu aliyeketi hufika bila yeye kuinama.

Alikibonyeza, akamwomba Mzee apige stata. Stata ikanguruma. Akakibonyeza tena, ikawa kimya.

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Githongo. Nani mwingine? Ni Githongo aliyebadilisha betri Desemba, stata Pasaka, na swichi ya ufunguo Juni. Bila shaka alimkatia waya ili awe anakuja kula kwake kila baada ya miezi michache, kisha anakaa mezani na kuulizwa kama anataka chapati nyingine.

Musila alikata waya zote mbili za kijani kwa koleo. Akachuna ncha za ule waya wa gari, akazisokota pamoja mpaka zikakazana, akazifunga tepu. Alikuwa na hasira, lakini kiungo kilikaa sawa.

"Piga, Baba."

Gari likawaka.

Shangazi Mukonyo alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Nzula alitoka mbio, viatu vyeupe miguuni, gauni la manjano limepigwa pasi, akaanza kurukaruka mlangoni. Mzee Katee alibaki ameshika usukani, akacheka kama kijana. Alikataa kabisa kuzima. Alisema likizimwa linaweza kubadilisha nia.

Kavutha alitoka na chupa ya chai. Aliona gari likitetemeka, akaona watu wakifurahi, na hakufurahi. Aliiweka chupa chini, taratibu sana, akarudi ndani.

Musila aliona. Alisema moyoni kwamba labda mke wake amezidiwa na furaha. Mwanamume akiwa hataki kujua jambo, wasomaji wangu, ana akili za ajabu.

Hapo ndipo Githongo alipotokea langoni. Alikuwa amesikia injini, maana sauti ya gari lile anaijua kama sauti ya mtoto wake. Alisimama, akatazama boneti iliyo wazi, na hakusema hongera.

Musila alimwita nyuma ya tangi la maji. Akafungua kiganja, akamwonyesha kiswichi na vipande vya waya wa kijani.

"Hii kazi ni ya nani?"

Githongo hakukana. "Ni yangu."

Musila anakiri kwamba alimkamata shati.

"Niliweka Novemba," Githongo alisema. "Mama Nzula aliniletea gari ukiwa kazini. Akasema mmeongea, eti wezi wa magari wamekuwa wengi hii mtaa, unataka cut-out, ile switch ya kukatia stata, mahali mwizi hawezi fikiria. Mimi nikaweka. Hiyo ni kazi ya kawaida, Musila. Nimewekea watu wengi."

Mkono wa Musila ulilegea kwenye shati.

"Desemba uliponiita, si ningeangalia hiyo switch kwanza? Nilikuwa naenda kuangalia. Akanifuata hapa hapa kwa tangi, akaniomba nisiguse. Nikamuuliza ni nini inaendelea. Akalia." Githongo alitazama chini. "Akaniambia siku mtafika Mashuuru, hiyo nyumba yenu imeisha. Hakuniambia kwa nini. Na mimi sikuuliza."

"Ukanibadilishia betri."

"Ningefanya nini? Watu wamesimama hapo wananiangalia."

"Na stata."

"Na starter." Githongo alinyoosha shati lake. "Nikitaka kukwambia, naona nitakwambia nini. Kwamba bibi yako hataki umuoe? Nikasema hiyo ni ya kwenu. Hii asubuhi nimeona simu yako, nikashindwa kushika."

Hebu fikirini. Huyu ni mtu aliyekula kwako, aliyekuwa akijua kuna kitu nyumbani kwako usichokijua wewe, na kila mara alikutazama ukitoa jasho chini ya gari akakupa bisibisi. Musila aliniambia kwamba pale nyuma ya tangi alitamani mara mia Githongo angekuwa mwizi wa kawaida. Mwizi unamfukuza tu.

Alimwacha hapo akaingia ndani.

Kavutha alikuwa chumbani, amekaa kitandani na gauni la kwenda kwao, mkoba magotini. Nje injini ilikuwa inaendelea kunguruma, na Mzee Katee alikuwa amegundua honi.

Musila alikiweka kiswichi kitandani kando yake. "Githongo ameniambia."

"Nilijua atakwambia siku moja."

"Uliwaambia watu wa jumuiya waombee gari," Musila alisema. Ndilo lililokuja kwanza, sijui kwa nini. Aprili ile Kavutha alisimama katikati ya sebule ya mama mmoja, wanajumuiya wameshikana mikono, akaomba dua kwa ajili ya gari la mume wake linalosumbuliwa. Watu walifumba macho. Musila naye alifumba. Usiku wake alimkanda mgongo mume wake, uliokuwa ukimuuma kwa kulala chini ya gari hilo hilo.

"Niliomba kweli," Kavutha alisema. "Niliomba lisiwake."

Honi ikalia tena.

"Kama hunitaki ungesema. Miaka tisa, Mama Nzula. Ningeenda zangu."

"Nani amesema sikutaki?" Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mbuzi zangu zilishaletwa, Musila. Kabla nikujue. Baba alizipokea."

Musila alikaa.

Kavutha alimsimulia haraka haraka, macho kwenye mlango. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mtu mmoja aitwaye Lazarus, mwenye lori la mchanga, alileta ntheo kwa baba yake, mbuzi watatu, mmoja akachinjwa siku hiyo hiyo na yeye Kavutha akala ile nyama mbele ya wazee. Alikaa kwa Lazarus miezi minne. Kisha alitoroka alfajiri na begi moja, kwa sababu ambazo hakuzitaja na Musila hakuziuliza.

Mzee Mbaluka alitakiwa arudishe mbuzi mmoja, mbuzi wa kukataa, ndipo wazee waseme mambo yameisha. Hakurudisha. Aliona haya, au alikuwa bahili, Kavutha hajui. Aliwaambia watu wa Lazarus kwamba binti ameenda kutafuta kazi Nairobi na atarudi. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na Lazarus hakuwahi kuoa mwingine.

"Basi tunarudisha huyo mbuzi mmoja," Musila alisema. "Mbuzi mmoja tu. Kwa hivyo ndio umenifanya..."

Ndipo alipoielewa hesabu ya wazee wake mwenyewe. Mwanamke ambaye mbuzi wa kukataa hajarudishwa bado ni mke wa yule wa kwanza. Na mtoto anayemzaa, hata amzalie wapi na nani, ni wa mwenye mbuzi.

"Nzula ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wako. Damu ni yako, hiyo unajua."

"Nimeuliza kwa wazee."

"Kwa wazee ni wa Lazarus."

Aliumia. Sitazungusha maneno, na yeye mwenyewe hakuzungusha. Aliumia kuliko siku ya kumzika baba yake, kwa sababu baba yake hakumficha kwamba anakufa. Alimwuliza Kavutha kwa nini hakumwambia. Kavutha alisema mwaka wa kwanza aliogopa ataachwa, na mwaka wa tatu Musila alikuwa ameshamzoea mtoto, na baada ya hapo maneno hayakuwa na mahali pa kuanzia.

"Na baba yako? Kila mara ni yeye ananipangia siku. Ananiita nilete."

"Baba anafikiria wazee wamesahau. Hawajasahau. Siku utashusha mbuzi pale, kuna mzee atauliza zile za kwanza ziliisha aje. Lazima atauliza. Hiyo ndio kazi yao." Alimshika mkono. "Tukienda leo, mtoto anatajwa mbele ya watu. Tukikaa, hakuna mtu atajua."

"Na Jumamosi, Mwala?"

"Hiyo sijui."

Musila aliutoa mkono wake. Alimwambia asimshike. Hakupaza sauti, na Kavutha aliurudisha mkono wake juu ya mkoba.

Alitoka nje. Jua lilikuwa limepanda, saa nne kasoro. Wote walikuwa wameshaketi garini. Mzee Katee alikuwa amehamia nyuma kwa heshima, kofia magotini, na Nzula amebanwa kati yake na shangazi. Alimwuliza baba yake kama huko kwa babu kuna ndama. Musila alimwambia wapo.

Mzee alitoa sala. Alimshukuru Mungu kwa kulifungua gari, kwa kumpa Musila macho ya kuona kilichofichwa, na kwa mkwe wao Kavutha mwenye subira. Kavutha alikuwa amekuja, amesimama kando ya mlango wa mbele, hajaingia. Wote wakasema amina.

Na sasa fikirieni jinsi mtu anavyokwama. Akienda Mashuuru, mtoto wake atatajwa kuwa wa Lazarus, na neno la wazee likishatoka halirudishwi mdomoni. Asipoenda, Jumamosi mtoto huyo huyo hataandikwa Mwala. Lakini asiyeandikwa mwaka huu anaweza kuombewa mwaka mwingine. Aliyekwisha kutajwa kuwa wa mtu mwingine anaombewa kwa nani?

Hapa Musila aliniomba nisimpambe, niandike lilivyokuwa. Nami naandika.

Alisema injini imepata joto kwa kunguruma muda mrefu, wacha aangalie maji. Akazima gari. Akainua boneti ili isimame kati yake na macho ya watu. Akaingiza mkono mpaka kwenye stata, akaishika ile pini ndogo aliyoijua asubuhi hiyo, akauchomoa waya wake na kuuficha chini ya bomba.

Akafunga boneti, akaingia, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena, ili waone anajaribu. Aliipumua hewa kwa nguvu kama mtu aliyechoka na gari lake, akapiga usukani kofi. Aliyafanya vizuri. Githongo, aliyekuwa bado amesimama karibu na tangi, aliyaona yote, akageuza uso. Kavutha aliyaona pia, na machozi yakamtoka, akayafuta kabla shangazi hajaona.

Nzula peke yake ndiye aliyelia kwa sauti. Alisema gari lilikuwa limewaka, yeye aliliona likiwaka. Musila alimwambia magari yana mambo yake. Aliyekuwa amedanganywa miezi tisa alimdanganya mtoto wake kwa sentensi moja, na sauti yake haikutetemeka. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi mpaka leo.

Shangazi Mukonyo alianza kushuka akiguna, akifikiria nani atawashusha wale mbuzi. Lakini Mzee Katee hakushuka. Alikuwa ametulia nyuma, ameketi vile vile, na alikuwa anatabasamu.

"Hakuna shida," alisema. "Mimi nilijua. Alhamisi nilipigia Mbaluka simu. Nikamwambia hii gari ya Musila iko na jambo lake, mara tatu haiwezi kuwa bure. Nikamwambia sheria yangu inakataza mbuzi kupanda gari ingine. Haijakataza wakwe kuja kwa mbuzi."

Musila aligeuka taratibu kwenye kiti. "Unasema nini, Baba?"

"Nasema wanakuja. Wametoka Mashuuru alfajiri, na wazee wao, na lori. Leo lazima tumalize hii maneno, mtoto aandikwe."

Simu ya mzee ikalia. Aliitoa mfukoni, akaisogeza mbali na macho asome jina, akaiweka sikioni. Alizungumza Kikamba kwa sauti ya juu, kama wazee wanavyozungumza na simu. Aliuliza wamefika wapi. Akaitikia, akaitikia tena, kisha akakunja uso na kumwambia mtu wa upande wa pili angoje.

"Ni Mbaluka," alisema. "Wako Kisaju, wamesimama sokoni kidogo."

"Kufanya nini?" Kavutha aliuliza.

"Hata mimi sijaelewa vizuri. Anasema wamekuja na mtu anaitwa Lazarus, ndiye mwenye hiyo lori. Huyo mtu ako kwa duka ya viatu." Mzee Katee aliwatazama mmoja mmoja, simu imeshikwa kifuani. "Anauliza mtoto wake anavaa namba ngapi. Nimwambie ngapi?"